Wa nyuma ndiye mwenye kosa siku zote? Jibu refu kwa mwenye IST wa Sam Nujoma

Mkuu, nimeusoma uzi wako pamoja na majibu ya wadau. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa alikuwa na gari dogo aina ya IST Barabara ya Sam Nujoma, Dar, foleni ya jioni, anaelekea Mwenge. Noah ikatanua kushoto nje ya lami, ikamchomekea. Akapiga honi na kumwashia taa kali. Mwenye Noah akashika breki ghafla wakati mbele yake kweupe, IST ikamwingia nyuma. Trafiki aliyekuja kupima akasema "wa nyuma ndiye mwenye kosa", na jamaa anauliza kama ni hivyo siku zote. Nusu ya wadau wamemjibu "ndiyo, lipa". Nusu nyingine wanamlaumu kwa nini hakushuka akamzaba mtu makofi. Wote mnampoteza.

Hiyo kanuni ya wa nyuma ipo na ina sababu nzuri. Anayefuata ndiye anayeamua umbali wa kumfuata mwenzake. Wa mbele anaweza kusimama kwa ajili ya mtoto aliyechomoka, mbuzi, au tairi lililopasuka, na hadaiwi kukuaga kwanza. Kwa hiyo trafiki akikuta pua ya gari moja imeingia nyuma ya jingine, anaanza kwa kumuuliza wa nyuma. Anaanza hapo. Shida ni kwamba kwetu pale pa kuanzia pamegeuka kuwa pa kumalizia, hasa kwa sababu wa nyuma mara nyingi hana kitu cha kuonyesha zaidi ya kupaza sauti.

Mizani inaweza kugeuka kwenye mambo manne. Wa mbele aliingia kwenye leni yako bila kukuachia nafasi na hukupata muda wa kuirudisha. Alisimama kwa makusudi pasipo sababu. Taa zake za breki ni mbovu. Au hakusimama kabisa, alirudi nyuma, kitu kinachotokea sana kwenye mataa yenye mwinuko kwa gari la gia za mkono: dereva anachelewa klachi, gari linaserereka, halafu anashuka na kudai amegongwa. Tena makosa yanaweza kugawanywa. Mahakama ikiona nyote mlizembea, inaweza kumpa kila mmoja fungu lake, na fidia ikapungua kwa kiasi hicho. Kwa hiyo usitafute jibu la ndiyo au hapana.

Sasa hesabu, maana bila hesabu hii mtabishana mpaka asubuhi. Ukiwa spidi 50 gari linakata karibu mita 14 kila sekunde. Mtu aliye macho hutumia kama sekunde moja na nusu kuona, kuamua na kuufikisha mguu kwenye breki. Hizo ni mita 21 zimeshaenda na breki bado hujaigusa. Baada ya hapo, lami ikiwa kavu na tairi nzima, unahitaji mita 14 nyingine kusimama. Jumla 35. Spidi 80 inataka mita 33 za kushtuka na 36 za breki, jumla 69. Spidi 100 inakaribia 98. Mvua ikinyesha juu ya vumbi na oili ya barabarani, ile 80 peke yake inaweza kula mita 95.

Rudi kwenye kisa chako. Tuseme mlikuwa spidi 30. Unakata mita 8 na kidogo kwa sekunde, kwa hiyo mita 12 na nusu zinaishia kwenye kushtuka. Kama breki zenu zinalingana nguvu, hiyo mita 12 na nusu ndiyo nafasi ndogo kabisa inayokuokoa akikanyaga ghafla. Noah imechomeka ikakuachia urefu wa gari moja, mita 4 au 5. Hata ungekuwa na macho ya kipanga ungemgonga. Nafasi yako aliichukua yeye.

Lakini swali linalofuata ndilo la moto: ulipita muda gani tangu achomeke mpaka ashike breki? Kama ni sekunde mbili, una hoja nzito. Kama ni sekunde kumi ulizokaa umemganda, basi ulikuwa na muda wa kuachia mafuta na kuirudisha nafasi, na hukufanya hivyo. Na hapa mkuu maelezo yako mwenyewe yanakuchoma: umeandika ulimwashia taa "kama mara nne" huku unapiga honi. Kuwasha taa mara nne kunachukua sekunde kadhaa. Wakili wa upande wa pili akiisoma sentensi hiyo atakushukuru. Ukienda kuandika maelezo polisi sema kweli, lakini taja muda na umbali kwa makini, na usijigambe kwamba ulimfundisha adabu.

Tuje kwenye ushahidi. Hapa nitakaa, maana ndipo watu wengi wanapoteza haki zao.

Anza na kona ya gari. Noah ilitoka kushoto. Gari likiingia leni yako kutokea kushoto, kinachotangulia kukaa mbele yako ni kona yake ya nyuma ya kulia, na wewe unaipiga kwa kona yako ya mbele ya kushoto. Likishanyooka na kutulia ndani ya leni, bampa linapiga bampa kwa upana mzima. Itazame IST yako: imevunjika taa ya kushoto na fenda ya kushoto peke yake, au bampa limeingia katikati? Na mikwaruzo je? Mistari iliyolala mshazari inasema mwenzako alikuwa bado anaingia. Bonde lililoingia moja kwa moja linasema alikuwa ameshanyooka. Hili pekee limewahi kugeuza maneno ya trafiki kwenye ajali nyingi, kwa sababu bati halina ndugu.

Halafu tazama kimo. Ukishika breki kwa nguvu pua ya gari inainama, na akishika yeye mkia wake unanyanyuka. Bampa lako likiwa limepita chini ya lake na boneti imekunjwa na ukingo wa chini wa bampa lake, ni dalili kwamba ulikuwa umekanyaga breki kabla ya kugusa. Alama zikiwa kimo kimoja, kuna uwezekano hukuwahi kabisa, na hapo utaulizwa ulikuwa unaangalia nini.

Alama za tairi kwenye lami zipimwe kwa hatua kama huna futi. Gari lisilo na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki) likifunga magurudumu linaacha mistari myeusi. Mita 14 za mstari wa namna hiyo kwenye lami kavu zinaonyesha lilikuwa karibu spidi 50 lilipoanza kuburuza, na kama limesimama kwa kugonga, lilikuwa zaidi ya hapo. Gari lenye ABS huacha kivuli chepesi tu cha vipandevipande, kinachopotea magari yakishapita juu yake kwa muda mfupi. Kipige picha mapema, kwa kuinama, jua likiwa mbele yako.

Mahali penyewe pa kugongana hapajulikani kwa magari yaliposimama. Panajulikana kwa vumbi na tope kavu lililodondoka kutoka chini ya fenda. Gari likipata mshtuko, lile tope lililoganda ndani ya tao la tairi linamwagika papo hapo, wakati vioo vinarushwa mbele. Ukikuta kichuguu kidogo cha vumbi ndani ya leni yako, karibu na mstari wa kushoto, umepata pahali. Weka kalamu au funguo pembeni yake upige picha, mstari wa leni uonekane.

Sasa balbu. Hii wengi hawaijui, na mafundi wanaitupa kila siku. Kama taa ya nyuma ya Noah ni ya balbu za kawaida zenye waya, si zile LED, balbu iliyopigwa ikiwa inawaka haifanani na iliyopigwa ikiwa imezimwa. Waya unaowaka ni wa moto na laini, ukipata mshtuko unavutika na kupinda kama springi iliyoharibiwa. Kioo kikipasuka wakati unawaka, hewa inauunguza na unabaki mweusi au na unga mweupe. Waya wa baridi unakatika kwa ncha safi inayong'aa. Kwa hiyo ubishi wa "aliwasha indiketa" au "taa za breki hazikuwaka" una shahidi mwenye ukubwa wa kidole gumba. Waombe wakaguzi waitazame kabla gari halijaingia gereji, na wewe piga picha ya karibu. Usiing'oe mwenyewe kwenye gari la mtu.

Kuhusu picha zenyewe: watu wanapiga picha ishirini za bampa na hata moja ya barabara. Anza mbali. Simama mita 20 hadi 30 kila upande wa ajali, pande nne, na kila picha iwe na kitu kisichohama: nguzo ya umeme, kibao, tuta, zebra. Kisha sogea upate magari yote mawili na mistari ya leni. Tairi za mbele zimeelekea wapi? Piga, maana tairi la Noah lililokatwa kulia linaeleza dereva alikuwa anafanya nini. Mwisho ndiyo uje kwenye mikwaruzo. Malizia na namba ya gari, stika ya bima na video ya nusu dakika unayotembea kulizunguka eneo bila kukata. Kama hakuna majeruhi na foleni imekuwa ndefu, chora kwa chaki au jiwe pale kila tairi lilipokanyaga kabla ya kusogeza. Kama kuna aliyeumia, magari yasiguswe isipokuwa kwa kumwokoa mtu.

Pembetatu mjini ziwekwe mita 30 hadi 50 nyuma, na barabara kuu uende 100 au zaidi, kwa sababu umeshaona hapo juu kwamba mtu wa spidi 80 anahitaji karibu 70 kusimama. Matawi ya miti yanasaidia. Mawe ya kuzuia tairi mkiyaacha barabarani mnatengeneza ajali ya usiku huo huo.

Wengi mmetaja kamera ya dashibodi. Ni kitu kizuri, ila kwa Dar ina magonjwa yake. La kwanza ni matuta. Kamera ina kihisi cha mshtuko kinachofunga faili lisifutwe, na ukiiacha kwenye kiwango cha juu, kila tuta inaliona ajali. Wiki mbili memori kadi imejaa mafaili ya matuta, na siku ya ajali halisi haikurekodi kitu. Weka kiwango cha chini kabisa na fomati kadi kila mwezi. La pili ni joto: gari likiegeshwa juani betri ndogo ya ndani inavimba, kwa hiyo nunua inayotumia kapasita. La tatu ni saa. Video inayoonyesha mwaka 2015 itakupa kazi ya kueleza. Kadi ya GB 64 kwa picha ya 1080 inabeba takriban saa tisa kisha inaanza kujifuta, hivyo ajali ikitokea chomoa kadi hapo hapo, uiweke mfukoni. Na kumbuka inarekodi na maneno yako. Ukimtukana mama wa mtu dakika moja kabla, yatasikika pia.

Upande wa hasira nitasema kidogo, lakini kwa hesabu. Mtu akichomeka mbele yako kwenye spidi 30, amekuchelewesha kwa urefu wa gari na nafasi yake, sekunde mbili hadi tatu. Wakichomeka ishirini umepoteza dakika moja ya safari nzima. Ukimbania, anabaki nusu ndani nusu nje na mnasuguana saiti mira. Cha kufanya ni kuachia mafuta mara moja, bila breki, uhesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili" mpaka nafasi irudi. Taa kali usiwashe. Kwetu taa kali ina maana nyingi mno: pita, nipishe, kuna trafiki mbele, au wewe ni mjinga. Mwenye Noah alichagua tafsiri ya mwisho.

Akishuka na kuja kwako, milango iwe imefungwa, kioo umeshusha vidole viwili tu, gari liko kwenye gia. Ndiyo maana kwenye foleni unasimama mahali unapoona tairi za nyuma za wa mbele zikigusa lami. Hapo una nafasi ya kukata usukani na kutoka. Akikufuata usiende nyumbani. Ingia kituo cha polisi, au kituo cha mafuta chenye watu na kamera. Umegongana na bodaboda na wenzake wanakusanyika wameshika mawe? Maisha kwanza: nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, ujieleze dakika hiyo hiyo, na abiria wako apige 112 mkiwa njiani. Kuondoka bila kuripoti ndiko kunakogeuka kuwa kukimbia ajali. Na yule aliyeshauri makofi: ukimpiga, kesi ya bampa inakuwa kesi ya shambulio, wewe ndiye mshtakiwa, na mwenye Noah aliyeshika breki kwa makusudi anapanda kizimbani kama shahidi.

Kuna visa vingine mmeuliza humo ndani, nivipitie harakaharaka.

Daladala iliyosimama ghafla katikati ya leni kupakia: wa nyuma bado ana mzigo wa kuacha nafasi, lakini daladala nayo ina kosa la kusimama pasipo kituo. Mara nyingi linagawanyika. Suka akikwambia ana haki kwa sababu konda alipiga bodi, achana naye.

Umesimama kwenye zebra kumpisha mtu, ukagongwa nyuma: huna kosa hata chembe. Anayelipita gari lililosimama kwenye zebra ana kosa baya kuliko yote yaliyotajwa kwenye uzi huu, maana haoni anachokikimbilia.

Unakata kushoto, bodaboda anapita kushoto kwako, mnagongana. Watu wanadhani ni yeye tu. Utaulizwa uliwasha indiketa mita ngapi kabla, na kama ulikuwa umejibana kushoto au uliacha uchochoro wa mita moja na nusu unaomkaribisha. Ukiuacha, fungu lako lipo. Bajaji inayogeuka kulia kutokea ukingo wa kushoto haina pa kujificha.

Kipilefti: aliye ndani, anayetokea kulia kwako, ndiye wa kupishwa. Anayeingia kwa kubabaisha akigonga ubavu wa aliye ndani kosa ni lake. Kwenye mataa ambapo trafiki anaongoza kwa mikono, mkono wa trafiki unaishinda taa. Kwa hiyo "kwangu ilikuwa kijani" haina nguvu kama alikuwa amekusimamisha.

Njia ya mwendokasi: ukigongwa na basi ukiwa ndani ya njia yake, utaanza na swali la ulifuata nini humo, na sijui utalijibu vipi.

Lori lililoharibika usiku bila pembetatu wala riflekta, mtu akaligonga: lori lina kosa kubwa, ila na wewe utapimwa kwa spidi na mwanga wa taa zako. Kama taa zako zinaonyesha mita 40 na ulikuwa spidi 80, ulikuwa unaendesha ndani ya giza usiloliona.

Kuovateki barabara kuu nakuongezea kwa sababu ndiko hasira zinakoua. Semi trela ina urefu wa mita 17 au 18. Iko spidi 80, wewe 100. Ukianza mita 25 nyuma yake na kurudi leni mita 25 mbele yake, pamoja na urefu wa gari lako unapaswa kuipita kwa mita kama 72, kwa tofauti ya mita 5 na nusu tu kwa sekunde. Hiyo ni sekunde 13. Ndani ya sekunde 13 wewe umetembea mita 360, na anayekuja spidi 100 naye 360. Unahitaji mita 720 za barabara tupu, yaani karibu viwanja saba vya mpira. Chukua mahali pa kawaida kati ya Chalinze na Segera, hesabu ni mara ngapi unaziona kwa mkupuo. Na ile lugha ya malori, indiketa ya kushoto "pita", ya kulia "usipite", ni uungwana wa barabarani usiotambulika ukigonga mtu. Indiketa ya kushoto inaweza pia kuwa anataka kusimama. Aliyehama leni ndiye anayejibu.

Tumalize na hela, maana ndipo ulipo sasa.

Umesema mwenye Noah anataka mmalizane kwa 150,000. Kabla ya kupokea au kutoa chochote, bampa lifunguliwe. Nyuma ya bampa la mbele la gari dogo kuna chuma cha kuzuia mgongano, kisha kondensa ya AC, na sentimita chache nyuma yake rejeta. Bampa la plastiki linapigwa na kurudi kama halijaguswa, huku chuma kimepinda na kondensa imetoboka. Washa gari dakika kumi na tano lipate moto, washa AC, angalia maji yanayodondoka na harufu tamu ya kulenti. Upande wa Noah, funua zulia la buti utazame sakafu kama ina mikunjo. Ndiyo mwanzo wa kusema bei. Mkikubaliana, andikeni: majina, namba za leseni, namba za magari, mahali na saa, kiasi, na kwamba malipo ni ya uharibifu unaoonekana wa bodi. Lipeni kwa simu ibaki kumbukumbu. Usiandike "nakubali kosa", kwa sababu mikataba ya bima kwa kawaida inakukataza kukiri bila ridhaa ya kampuni, na mstari huo unaweza kukunyima malipo. Shingo ikianza kuuma kesho yake, kachukue PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) uende hospitali, na mambo ya kumalizana kimyakimya yaishie hapo.

Kama mna bima ndogo tu, bima yako haitengenezi IST. Inamlipa mwenzako ikithibitika kosa ni lako, na wewe unaidai ya kwake. Bima kubwa inakutengenezea, unatoa ile sehemu ya kwanza ya gharama iliyotajwa kwenye mkataba, kisha kampuni inamfuata mwenye kosa yenyewe. Hakiki stika yake kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima) kwa namba ya gari, usiamini karatasi iliyobandikwa kiooni. Toa taarifa kwa kampuni yako mapema, hata kama unadhani utamalizana. Kuchelewa ni kisingizio cha kwanza cha kukataa dai. Watakutaka taarifa ya polisi, mchoro wa eneo, ripoti ya ukaguzi wa magari, na mara nyingi nakala ya hukumu. Wakikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na hapa kwenye hukumu ndipo watu wanajikaanga. Trafiki anakwambia "kubali kosa, lipa faini 30,000, uende zako". Rahisi, na jioni imeingia. Lakini kulipa faini ni kukiri, na hukumu ya jinai isiyokatiwa rufaa inabeba uzito mkubwa kwenye madai ya fidia. Umelipa 30,000 na umejifungia mlango wa kudai milioni. Kama unapinga, una haki ya kukataa faini ya papo kwa papo na jambo likaamuliwe mahakamani.

Wewe bado hujalipa, umesema faili lipo. Nenda kwa mkuu wa trafiki wa kituo, ombeni mchoro urudiwe mkiwa wote wawili, na uonyeshe kona ya taa ya kushoto, kama ndiyo iliyovunjika, na mstari wa leni. Ikishindikana huko, kuna RTO, mkuu wa trafiki wa mkoa. Lakini kabla ya kituo pitia zile fremu za maduka na ATM zinazotazama barabara pale ulipogongana, uulize nani ana kamera. Nyingi zinajifuta baada ya siku chache, na wewe leo uko siku ya tatu.